Lori Lililoishiwa Pumzi Kilimani

Mdogo wangu Wani,

Lori lako limenishinda. Nilitaka kukuandikia barua ya utulivu, kama zile tulizoandikiana tukiwa Uganda, wewe Gulu na mimi Arua, za kuulizana habari za mvua na watoto. Lakini leo nimerudi hapa mtaani Malakia, Juba, na hasira kifuani, nimekataa chai ya mkeo, na sina wa kumgombeza ila wewe.

Tumekwama tena. Palepale, kwenye kile kilima cha mawe mekundu, nusu ya njia ya kwenda kwetu. Watu wote walikuwa juu: shangazi Poni, wanao, wapiga ngoma, mitungi ya pombe imefungwa kwa majani ya migomba. Lori lilitoka Juba likivuta vizuri, likiimba kama enzi zako. Tulipoanza kupanda, nguvu zikaanza kupungua. Halikutoa moshi wala halikugonga. Lilipungua tu, kama mtu anayesinzia katikati ya maneno, kisha likazima. Watu wakashuka, wakakaa kivulini, wakaanza kuniambia "malesh, malesh". Wani, nimechoka na malesh. Pole ya watu haipandishi lori mlimani.

Unajua kwa nini nina haraka. Tulikuzika hapa Juba kwa sababu mvua ilikuwa imefunga barabara. Lakini msiba wako haujaisha, na hautaisha mpaka ndugu wakutane nyumbani, mkubwa wa nyumba aseme maneno ya mwisho, ngoma ichezwe, na Keji avuliwe kamba ya ujane shingoni. Mkubwa wa nyumba ni mimi. Baba zetu wadogo wote walibaki katika ardhi ya uhamishoni. Nikiondoka mimi, hakuna anayeyajua maneno hayo, na mkeo ataivaa kamba hiyo mpaka ioze.

Na mimi naondoka. Sijamwambia mtu yeyote, nakuungamia wewe kwanza. Miguu imevimba mpaka viatu vimekataa. Daktari alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nina watoto wakubwa. Nilifundisha ufundi wa mitambo maisha yangu yote. Najua sauti ya fundi anapogundua kwamba kipuri hakipatikani.

Basi sikiliza nilivyohangaika. Lori likikosa nguvu, huwa ni hewa, mafuta au mgandamizo ndani ya injini. Mgandamizo nimeupima, mzuri. Chujio la hewa nimeliosha. Chujio la dizeli nimebadilisha, nikamwaga maji yaliyotuama chini yake. Nozeli nimezitoa na kuzijaribu, zinapuliza ukungu safi. Nimetoa hewa kwenye mabomba mpaka vidole vyangu vinanuka dizeli hata nikishika mkate. Pale kilimani nikilegeza bomba kwenye pampu, halitoi kitu, linanyonya tu. Tukisubiri, tukinywa maji, nikilegeza tena, mafuta haya hapa! Lori linawaka kama halijawahi kuugua. Tunasogea kidogo, linalala tena. Humu mjini, kutoka Hai Malakal hadi sokoni, halina tatizo lolote. Ugonjwa gani huu unaomsubiri mgonjwa afike mlimani?

Nikaamua ni pampu ndogo, ile inayovuta mafuta kutoka tangini. Nikaagiza nyingine Khartoum, nayo ikaja kwa meli ya mtoni polepole kama bibi harusi. Leo ndiyo imejaribiwa kilimani kwa mara ya kwanza. Umeshajua matokeo.

Taban, shemeji yako, anayeliendesha sasa, alinitazama nikiwa nimelala chini ya lori, akasema, "Mzee, hii gari iko na roho ya Wani. Yeye nakataa kwenda." Nilimjibu vibaya. Kisha nikamgeukia mkeo, mbele ya watu, nikamwambia kwamba mumewe aliliua lori hili kwa uzembe, akaniachia maiti mbili. Keji alishika ile kamba shingoni, basi.

Hayo pia nayaungama. Na kilichokuwa chini yake, kwa kuwa sina muda wa kukificha: nimekukasirikia kwa sababu ulitangulia. Mimi ndiye mkubwa. Zamu ilikuwa yangu. Wewe ulitakiwa kunipakia mimi kwenye hilo lori, ukiwa umevaa kofia yako ya kipuuzi, ukiwapigia honi mbuzi.

Naishia hapa kwa leo.

*

Wani, naendelea, siku nyingine. Kaa vizuri.

Jana nilimwomba Taban twende kilimani sisi wenyewe, na mawe mgongoni mwa lori badala ya watu. Keji akapanda bila kualikwa. "Shemeji," akasema, "ukifia njiani nani ataniletea lawama zako?" Nilistahili.

Likalala palepale. Taban akasema labda wezi wamefyonza dizeli usiku, akachukua kijiti akaenda kupima. Alipofungua kifuniko cha tangi nilisikia mlio. Fyuuu! Mrefu, kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa. Keji akasema, "Mbona linapumua?"

Nilisimama pale na spana mkononi, Wani, nikajiona mjinga kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumchapa. Tangi lililozibwa kabisa haliwezi kutoa mafuta. Kila tone likitoka lazima hewa iingie badala yake, la sivyo pampu inavuta, inavuta, mwisho inashindana na utupu. Mjini tulikuwa tukifungua kifuniko kila mara kupima mafuta, kwa hiyo halikupata nafasi ya kuugua. Safari ndefu ndiyo ilikuwa ikilibana. Na tukipumzika, hewa ilikuwa ikijipenyeza kidogokidogo, nasi tukadhani limepona lenyewe. Somo hili nilikuwa nikilifundisha wiki ya kwanza, kwa chupa ya maji iliyogeuzwa kichwa chini.

Na kifuniko hicho nilikitengenezesha mimi. Unakumbuka tangi halikuwa na kifuniko tangu tulinunue. Wewe uliziba kwa kipande cha shati lako la bluu, mimi nikikuambia kila siku kwamba unatuaibisha. Ulinijibu, "Kaka, tangi nalo linataka nguo." Ulipofariki, shangazi Poni alikuja kukusanya nguo zako zifungwe hadi siku ya mwisho ya msiba, kama ilivyo desturi. Alitoa zilizokuwa kwenye kamba ya kuanikia, alitoa iliyokuwa chini ya mto. Kisha akatoka uani, akaenda kwenye lori, akachomoa na kile kitambaa cha tangini, kikinuka dizeli, akakitia ndani ya furushi. Shati la marehemu ni shati la marehemu. Hakuna aliyebisha, mimi nikiwa wa kwanza. Nikaenda kwa mfua bati wa hapa Malakia, nikamtaka anifanyie kifuniko cha heshima, chenye mpira ndani, kisichoingiza hata vumbi. Alifanya kazi nzuri mno.

Sasa furushi haliwezi kufunguliwa mpaka tufike nyumbani, na nyumbani hatufiki tangi likiwa limezibwa. Ningeweza kutoboa kifuniko kwa msumari. Ndivyo ningemwagiza mwanafunzi afanye. Lakini nilikuwa na hasira nacho, nikakitupa bondeni. Kisha nikavua shati langu jeupe, la kanisani, nikalichana, nikaziba tangi kwa kipande chake, kinachopitisha hewa kama kile chako. Taban akawasha. Lori likapanda. Lilipanda na mawe yake yote, Wani, likapita ule mti ulioungua ambao hatukuwahi kuufikia, na Taban akapiga honi kule juu pasipo na mbuzi hata mmoja.

Tulipokuwa tukirudi Keji aliniuliza kwa nini nimeharibu shati zuri. Nikamwambia, "Siku watakapokusanya nguo zangu, mwambie shangazi hiki kipande akiache kilipo."

Alinitazama miguu, akanitazama uso. Tukaanza kuona mabati ya Juba. Ndipo akasema, "Basi ungechagua shati bovu, Shemeji. Unayo mengi." Akageuka upande, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kwa hiyo sasa anajua, na mimi nimepata nafuu ya ajabu.

Mitungi inafungwa upya. Tutaondoka mvua isipokataa, nami nitakaa mbele, kwenye nafasi yako ya kuegemeza kiwiko dirishani. Nakuahidi maneno ya mwisho nitayasema kwa mdomo wangu, mpaka neno la mwisho, hata wakinishika mikono pande zote mbili. Nitaikata ile kamba mwenyewe. Furushi likifunguliwa, kile kitambaa chako cha bluu nitakichukua mimi.

Lala, mdogo wangu. Sina kinyongo tena. Ukinisikia nakuja, usinicheke kwa sababu ya kifuniko.

Kaka yako,
Tombe