Baba, Tanuru Tulilijenga Wawili

Baba yangu uliyeko Same,

Shikamoo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu, nikifika tu kwenye habari za tanuru, unasema mtandao unasumbua.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka Buguruni na mtungi mtupu wa gesi ulioshika kutu, ukauweka nyuma ya nyumba yetu hapa Chanika tuugeuze tanuru la kufulia chuma. Ulitoa valvu, ukaujaza maji hadi juu kabla ya kuukata. "Mama, gesi iliyojificha humu haina msamaha," uliniambia. Tukaupaka ndani udongo uliochanganywa na matofali ya kuchoma. Matofali niliyasaga mimi, vidole vikachubuka. Wiki nzima uliugusa kila asubuhi, kama mtu anayepima homa ya mtoto, kuona kama umekauka.

Kisha bomba la gesi likatushinda. Kila ulipowasha, moto ulirudi ndani ya bomba na kulia pa! Siku moja nyusi zangu zikaungua, ukataka kuacha kabisa. Nikaleta daftari la fizikia, nikakuonyesha kwamba gesi ikitokea kwenye tundu dogo huenda kwa kasi na kuvuta hewa, moto haupati nafasi ya kurudi.

"Haya, mwalimu, toboa basi," ulicheka.

Nilitoboa kwa keekee nyembamba kuliko zote ulizokuwa nazo. Moto ukanguruma. Kipande cha springi ya gari kikawa chekundu, kisha rangi ya chungwa, ukanipa nyundo. Kisu chetu cha kwanza kilipinda, lakini mama anakatia mchicha mpaka leo.

Ndipo Baba Mkubwa akaja kututembelea, akanikuta nimeshika koleo.

"We Eliya, huyu binti anafanya nini hapa? Ukoo wetu ni wa wahunzi, mwanamke hakaribii moto. Na huyu asiye na nyusi utamwoza nani?"

Nilisubiri, Baba. Nilijua utasema.

"Ananiletea maji tu, kaka."

Kisha ukanituma jikoni. Nikiwa dirishani nilimsikia akilisifia bomba, akauliza nani amekufundisha. "Akili yangu tu," ukamjibu. Mwezi uliofuata mlilipakia tanuru kwenye Fuso, mkaenda kufungua karakana yenu huko Same. Mama alisema ni kazi, tuvumilie. Safari yako nimeivumilia. Kinachonichoma ni yale maji ambayo sikuwahi kukuletea.

Nina hasira, Baba, na kukusalimia kwa heshima hakujaipunguza. Lakini nimejenga tanuru jingine, dogo, shuleni, mwalimu wa fizikia akisimamia. Nilipaka bomba povu la sabuni kutafuta gesi inayovuja, kama ulivyonifundisha. Limewaka nilipojaribu mara ya kwanza tu.

Tutalionyesha kwenye maonyesho ya shule. Kwenye fomu kuna nafasi ya kumtaja aliyemsaidia mwanafunzi. Niliiacha wazi siku tatu. Jana niliandika jina lako, na kila ulichonifundisha nimekiorodhesha, hata kuuhofia mtungi mtupu. Sikupunguza kitu, maana ni kweli.

Sikuombi uniombe radhi. Baba Mkubwa yuko hapo karibu nawe, mnafanya kazi kwenye moto mmoja. Mwambie nani alitoboa.

Ni mimi,
binti yako wa Chanika