Shamba la Cheptoo Lisiandikwe Jina Langu

Mama,

Ng'ombe nimekamua, maziwa yako jikoni. Majani chai ya upande wa juu yachumwe leo, lori lisije likayaacha.

Msomee Baba haya, maana asubuhi alipiga meza nikatoka kwenda kukamua. Ati, "Bodi ya ardhi haiwezi kumkubalia Mholanzi shamba, basi liandikwe jina la Kimeli, yeye ni mwanamume." Mimi? Shamba la Sosiot wamelinunua Cheptoo na mumewe huyo Mholanzi. Cheptoo ni Mkenya, aandikwe yeye. Leo tunapendana, lakini kesho nikioa na mke wangu akilitaka, dada atahamia wapi na watoto?

Nyumba ni ya dada yangu, mimi nitabisha hodi,
Akinipa chai yangu, nitashukuru zaidi.

Kitambulisho changu msikitafute kabatini, nimekibeba makusudi. Nampeleka Cheptoo kwa bodi na chake.

~~Sitarudi leo.~~ Nitarudi. Niwekeeni maziwa yangu ya mursik, hata kama Baba bado amenuna.

Kimeli,
shemeji ya Mholanzi, si mwenye shamba