Kabla Baba Hajaja Kukuchukua kwa Ndege

Nyumba ya Ngazi Nyekundu,
Ghorofa ya pili.
Jumatano, tarehe 9 Novemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umesimama juu ya kiti unafuta madirisha kama ulivyokatazwa. Goti linasemaje? Na kile kikohozi, kimekuachia? Sisi huku ukitutazama utasema tu wazima. Mama hajambo, paka hajambo, mimi nakula na kulala. Habari za Baba nitakupa, ila naomba univumilie nizifikie kwa mwendo wangu.

Nimempa dereva wa basi barua hii akuletee mkononi kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, nawe husikii mpaka mtu apige kelele. Jambo hili si la kupigiwa kelele.

Wiki hii natimiza mwaka mmoja tangu nipate leseni ya urubani. Siku ile niliyokupa habari uliniuliza mtu anarukaje angani kwa kujifurahisha tu, bila abiria wala mzigo, kama kuku aliyepotelewa na kiota. Nilicheka, sikukujibu. Jana nimejumlisha daftari langu: saa arobaini na sita angani, nimetua mara mia moja na tatu. Karibu zote nilikuwa na Baba, katika ndege yake ile kuukuu ya viti viwili ambayo mlango wa kulia haufungi mpaka uubamize kwa kiwiko.

Jibu lako ni hili. Huku chini nashinda maabara napima maji, na kichwa changu hakina breki; unajua ninavyoweza kulitafuna jambo moja wiki nzima. Kule juu kichwa hunyamaza. Kuna upepo, kuna usukani, kuna sauti ya Baba ubavuni. Nimeona paa la kiwanda likishika jua la asubuhi. Nimeona watoto wa shule wamejipanga uwanjani kama punje za mtama. Mama nilimpandisha mara moja. Alifumba macho tangu tulipoanza kukimbia mpaka tulipotua, kisha akawaambia majirani kwamba mji wetu unapendeza sana ukiutazama kutoka juu.

Sasa nikueleze neno moja, kwa maana barua yote imeshikwa nalo.

Angani, mmoja akiona ndege nyingine humwambia mwenzake ilipo. Mwenzake hujibu "nimeona" pale tu anapoiona kwa macho yake mwenyewe. Kama hajaiona husema "bado", na wote wawili wanaendelea kutafuta. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kulisema bure, ili nimfurahishe Baba. Alitua, akazima injini, akanigeukia. "Sindano," akasema, "huku juu hakuna uongo wa adabu. Neno hilo likikutoka, mwenzako anaacha kutafuta."

Mwezi wa nne niligundua kwamba kijiti chetu cha kupimia mafuta kimechongwa upya. Geji za ndege ile ni za mapambo tu, hazisemi kweli, kwa hiyo tunachovya kijiti ndani ya tangi na kusoma alama za rangi. Alama zile Baba alikuwa amezikata kwa kisu, mikato mirefu, na sasa alikuwa akizipapasa kwa kidole gumba huku anatazama mbali. Niliona ni ufundi. Nilijivunia hata: mpima ardhi mstaafu, vidole vyake vina macho.

Mwezi wa sita, siku mbili kabla ya kwenda kupimwa afya na daktari wa marubani, nilimsikia bafuni ananyoa ndevu na kusema herufi peke yake. Herufi moja moja, taratibu, safu kwa safu, kama mtoto anayesomeshwa. Wewe ndiye uliyemfundisha herufi, Shangazi, kwa hiyo utaielewa sauti ile. Daktari yule hupimia macho kwa bango lilelile la herufi miaka yote. Baba alirudi na cheti kipya, akakibandika mlangoni pa friji, akajimiminia chai na kutia ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi.

Uliniambia zamani kwamba Babu alianza hivyohivyo, kwa kidole kikombeni.

Mwezi wa nane tulikuwa tunarudi uwanjani, Baba ameshika usukani. Nikaona ndege nyeupe ya kunyunyizia dawa mashambani. "Baba, ndege, mbele kushoto, usawa wetu."

"Nimeona."

Nikatulia, kwa kuwa neno lilikwisha kutoka. Nikangoja ageuze. Hakugeuza. Ile nyeupe ilikuwa kama ukucha, ikawa kama kiganja, nikaiona kofia ya rubani wake, ndipo nikaukamata usukani wa upande wangu na kutuzamisha. Baba hakupandisha sauti. "Unaninyang'anya nini? Nilikuwa nampa nafasi apite." Lakini shingo yake ilikuwa imeelekea kulia, Shangazi. Alikuwa akimpa nafasi mtu asiyekuwepo.

Tangu siku ile nikawa naruka naye kama mtu anayelala na mshumaa unawaka. Nilijiambia labda ni uchovu, labda ni jua. Ndipo Jumapili ya mwisho ya mwezi uliopita nikafanya jambo ambalo nalionea aibu. Anga ilikuwa tupu. Niliipekua kila pembe kabla ya kufungua mdomo. Kisha nikasema: "Baba, ndege, kulia, chini yetu kidogo." Nilimwomba Mungu aseme bado.

"Nimeona," akasema. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa: "Anaenda zake."

Nilitazama pale alipomwona mtu akienda zake. Kwa kitambo kidogo nusura nimwone mimi pia.

Tulitua vizuri, njia ile ya kutua anaijua kama ngazi za nyumba yake. Fundi Koleo, anayetutengenezea ndege, alikuwa anatusubiri bandani. Baba alipokwenda kunawa, Fundi akaniambia akiwa anafuta spana: "Sindano, mzee wako siku hizi anasalimia sikio la mtu, si uso. Umeona?"

"Nimeona, Fundi. Ni miwani tu. Yuko sawa."

"Haya. Wewe ndiye macho yake," akasema, na akaacha kuuliza.

Kwa hiyo usidhani nakushitakia Baba peke yake. Neno lile nami nimelitumia vibaya, na sababu yangu haikuwa huruma tupu. Ndege ni yake. Akishuka yeye, nashuka na mimi.

Sasa Jumamosi ya tarehe 19. Amekwisha kukuahidi kwamba atakufuata, kwamba saa saba za basi atakufutia kwa saa moja na nusu. Najua umefurahi, Mama kaniambia umeshanunua kitambaa cha kichwa cha safari. Lakini viti ni viwili, na kimoja ni chako. Atakuja peke yake, kwenye uwanja asioujua kwa moyo, wala hatakuwa na mtu wa kumwambia lililo mbele yake. Mkirudi pamoja atakuwa na wewe, nawe utamwamini.

Usipande, Shangazi. Wala usimwache aondoke kuja kwako.

Wikendi hii haruki, ndege imetolewa magurudumu na Fundi atairudisha Ijumaa ijayo. Ufunguo mmoja ninao mimi, lakini Baba anao wa pili, na aliwahi kuniambia akitania kwamba tumzike nao. Tafadhali mpigie kabla ya Alhamisi tarehe 17. Mwambie utakuja kwa basi. Kisha mwambie lile jingine, la macho yake, wewe uliyemshika Babu mkono miaka tisa, uliyekuwa unasogeza kikombe kimyakimya ili asijue amekikosa. Kwako atanuna, lakini atasikia. Kwangu atasema ameona.

Ikifika Alhamisi jioni hujampigia, Ijumaa asubuhi nitakwenda kwa daktari na kueleza habari ya herufi za bafuni. Barua ya kumpa daktari nimekwisha kuiandika, iko ndani ya daftari langu la safari, ukurasa wa mwisho. Ndege haitatoka Jumamosi kwa njia yoyote. Ninachokuomba ni kwamba asiambiwe na mgeni, wala na mwanawe.

Nisalimie binti yako mkubwa na mumewe yule mcheshi, na wajukuu wote, hasa yule anayekuficha miwani. Mama anakusalimu sana. Kitanda chako amekitandika na dirisha amelitengeneza. Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu ukiwa juu ya magurudumu, taratibu, hata kama utafika umevimba miguu.

Dereva anarudi Jumamosi hii. Ukiisha kuisoma barua hii yote, mpe karatasi yenye neno moja tu, nami nitalielewa. Unalijua neno lenyewe. Lakini nakusihi, usiliandike kunifurahisha. Kama bado, andika bado, nami nitaendelea kutafuta.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, nikupendaye na kukuhofia,

Sindano