Hoteli ya Njia Mbili

Baba yangu mkwe, niliyekupisha miaka yote,

Shikamoo. Najua salamu hii ilipaswa ipitie kwa mtu, lakini wageni wote wameshuka ziwani na sina wa kumtuma. Leo mwanao Gwakisa, mume wangu, ametundika picha yako mapokezi. Aliileta kutoka Kyela mjini ikiwa imefungwa kwa gazeti, akagonga msumari, kisha akaja jikoni na kuniambia, "Mama Atu, ukiwa tayari, nenda ukamwone." Mimi niliyekupikia tangu siku nilipoolewa, niliyeujua mlio wa viatu vyako na kikohozi chako cha asubuhi, sikuwahi kuiona sura yako hata mara moja. Nitakueleza kama niliinua macho. Kwanza niache nikae hapa kizingitini nipumue.

Nilipoletwa kwenu kutoka Busale mila niliijua. Bibi aliyenilea alinifundisha kwamba mke hamtazami baba wa mumewe, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mwanamke huchepuka, akajifunika, mpaka mzee apite. Wenzangu walioolewa mjini walishaachana nayo, na mchungaji wetu alisema waziwazi kwamba tukionana si dhambi. Lakini mimi niliipenda heshima ile, na wewe uliipenda kunizidi. Tabu ilikuwa moja tu: utampishaje mtu mnayeendesha naye hoteli moja?

Ukamwita fundi. Ukajenga njia mbili za kwenda ziwani, moja yako na moja yangu, katikati ukapanda ua wa mabingobingo. Ukasimamisha ukuta wa mianzi katikati ya ukumbi wa chakula, ukaacha kidirisha cha kupitishia sahani, nacho ukakiwekea pazia la ukindu. Veranda zikawa mbili zilizopeana mgongo. Halafu fimbo yako ukaifunga kengele ya ng'ombe, ili nikusikie ukija nami nichepuke.

Wageni wakadhani kengele ni ya chakula! Kila ulipokwenda kugeuza kakao iliyoanikwa, watu walitoka vyumbani, wakanawa mikono na kukaa mezani. Mimi jikoni nasikia viti vinaburutwa, na wali ndiyo kwanza unatokota. Mgeni mmoja aliandika kwenye mtandao kwamba hoteli yetu ina mandhari ya kupendeza, ila bila shaka fundi aliyeijenga alikuwa amelewa. Gwakisa alipokusomea maneno hayo, nilikusikia ukicheka mpaka ukapaliwa, na mimi upande wangu nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kanga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hukungoja ya tatu. Ulimpa mtu ujumbe angali na begi mkononi.

"Ugonile, karibu sana. Ukipita jikoni, mwambie mkwe wangu samaki wa mbasa wamefika."

"Mzee, si amekusikia? Yuko hapo nyuma ya ukuta."

"Amesikia. Lakini mwambie."

Basi mtu wa watu, aliyekuja kupumzika na kutazama milima ng'ambo ya ziwa, alizunguka ukuta mzima kuja kuniambia jambo nililokwisha kulisikia. Nami nilimpokea kana kwamba ni habari mpya. Nilisema, "Ndaga, asante, mwambie nimepata, nitawapika na nyanya." Akazunguka tena. Wengine walinuna siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wakigombania zamu.

Unawakumbuka wale maharusi kutoka Mbeya? Walifika wamenuniana, sijui waligombana njia nzima kwa lipi. Bwana akakaa veranda yako, bibi akakaa yangu. Ukamtuma bwana aniulize kama chumvi ipo. Nikamtuma bibi akujibu kwamba ipo. Wakapishana mlangoni bila kutazamana. Ukatuma tena, kuulizia ndizi, nami nikajibu kuhusu ndizi, na wakati huo nilishaelewa mchezo wako. Ilipofika zamu ya ndimu, nikasikia wamesimama mlangoni wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniletea ujumbe. Ndimu zenyewe nilikuwa nimeshakwisha kuziweka mezani.

Lakini ninachokiota mara nyingi si kelele zile. Naota mchana, wali umekwisha kuliwa, wageni wamelala, ziwa limetulia kabisa na milima imeingia kwenye ukungu nusu. Mitumbwi ya wafinyanzi wa Ikombe imeleta vyungu, na vyungu vimepangwa mchangani vikingoja wanunuzi. Wewe umekaa kwako, mimi nimekaa kwangu, migongo yetu imeegemea ukuta uleule. Unaanza wimbo wa kanisani, chini kwa chini, kama mtu anayejiimbia mwenyewe. Ubeti wa kwanza nanyamaza. Wa pili nashika sauti ya chini. Hukuwahi kushtuka ukaacha, wala hukuwahi kumtuma mtu aje anisifu au anikanye. Tuliimba mpaka mwisho, kisha ukainuka na kengele yako, ukaenda zako. Baba, nilikupenda sana wakati ule, na sikuwa na mgeni wa kumtuma akwambie.

Mjumbe wetu hodari kuliko wote alikuwa Bwana Shabani, yule mnunuzi wa kakao mwenye duka mjini. Kila msimu alilala kwetu, na ujumbe wako ulipopita mdomoni mwake ulifika umepambwa. Ukisema, "Mwambie chai," yeye alikuja kusema, "Mama Atu, mzee anakusalimu, anakutakia baraka na afya njema, na kama haitakuwa taabu anaomba chai." Nilijua chai tu ndiyo yako, lakini zile baraka nazo nilizichukua, sikuzirudisha.

Ni yeye aliyeniletea neno la mwisho kutoka kwako. Ulikuwa umelazwa chumba kinachotazama ziwa, kengele imetundikwa ukutani, na mimi nilikuwa nakupikia uji wa mchele mpya na kumpa Gwakisa aupeleke. Shabani alikuja kukujulia hali, akatoka kwako, akasimama mlangoni pangu. Safari hii hakupamba kitu.

"Mama Atu, mzee ameniuliza wewe unafananaje."

Mwiko ulinidondoka. Siku zote nilidhani mimi peke yangu ndiye nisiyejua. Haikuwahi kunijia kwamba nawe, kila nilipokupisha, ulikuwa umegeuza uso.

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia una mwanya, na ukicheka unajiziba mdomo."

"Akasemaje?"

"Akasema, kumbe ndiyo maana kicheko chako hakimfikii vizuri."

Nilitaka kumuuliza, na yeye je, yukoje? Neno lilifika ulimini nikaona haya, nikameza. Nikasema nitamuuliza kesho. Kesho yake mvua ilinyesha kutwa, na katikati ya mvua ile nikasikia mama mkwe analia.

Siku ya kukuaga walipanga mstari mpaka nje ya ua. Shangazi zake Gwakisa waliniambia, "Nenda, binti, leo hakuna wa kukulaumu." Nilibaki ndani na wanawake, nimejifunika. Sikuogopa mila. Niliona vibaya kukutazama wewe usipoweza kugeuka. Ila tangu siku ile hamu ilinikaa, baba. Wageni wanakuja, wanasema mzee alikuwa mcheshi, alikuwa na macho ya namna gani sijui, na mimi mwenye nyumba nabaki nikiitikia tu. Watoto wana picha zako kwenye simu, wakizifungua mimi ndiye nageuka, mazoea hayo. Mara nyingi nimeshika simu ya Atu mkononi nikairudisha mezani.

Kwa hiyo leo, Gwakisa alipokwisha kusema, niliepua sufuria. Nikanawa mikono. Niliamua kwamba nitakutazama. Nilisema moyoni, tumeheshimiana vya kutosha mimi na mzee huyu, sasa anidai Mungu mwenyewe. Nikajitanda kanga vizuri, nikapita njia yako, ambayo mpaka leo naipita kwa wasiwasi, nikaingia mapokezi nimeinamisha kichwa. Niliona kwanza ukingo wa meza. Kisha ukuta. Kisha fremu. Nikasema, "Baba, samahani," nikainua macho.

Umenipa mgongo.

Shati jeupe, kofia, fimbo na kengele yake. Mbele yako ziwa lote, na wewe unalitazama. Nimeona visigino vya viatu ninavyovijua kwa mlio. Nimeona masikio yako, makubwa kama ya Gwakisa. Sura hakuna.

Nikamgeukia mume wangu, huyu mwanao, aliyekuwa amenifuata nyuma, maana nilidhani amenifanyia mzaha. Alikuwa analia. Akasema uliagiza mwenyewe picha hiyo, kabla ugonjwa haujakulaza. Mpiga picha alibisha, akasema mzee, picha ya mapokezi ni ya uso, watu watakujuaje? Ukamjibu, "Watu wananijua. Ila hapo mbele atakuwa anapita mkwe wangu, na mikono yake ina masufuria, hawezi kujifunika kila mara."

Nilicheka, bila kujiziba mdomo. Kisha nikalia, na nikuambie kweli, nililia kwa hasira pia. Nilikuwa nimeshajikaza. Nilikuwa nimevuka ukuta wote ule, miaka yote ile, nikaufikia mlango wako.

Nilikuja kukuona, baba. Nawe ukanipisha.

Lala salama.

Mimi mkweo,
Mama Atu, upande wa jikoni