Usukani Uliokuwa Mzito

Jumamosi

Kumbe si mimi niliyeishiwa nguvu. Tangu nifanyiwe upasuaji nikijifungua Mwende, nikikata kona za Kathiani usukani wa gari letu unakataa hadi mshono unauma. Na Baba Mwende anacheka tu: "Kula ugali, mama, mikono ipate nguvu."

Leo nikamwambia, "Fungua boneti uangalie." Oili ya usukani ilikuwa nyeusi kama kahawa. Akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akachomoa paipu inayorudisha oili. Mimi nikazungusha usukani kushoto, kulia, ile chafu ikimwagika kwa ndoo, yeye akiongeza mpya mpaka ikatoka nyekundu safi.

Akarudisha paipu, akashusha gari chini, akaliwasha. "Jaribu."

Usukani ukazunguka kwa vidole viwili tu! Jumatatu nitampeleka Mwende kliniki mwenyewe, asante Mungu.

"Nisamehe," akasema.

Nilimsamehe kabla hajanawa mikono.