Mmoja Ale, Mmoja Atazame

3 Machi

Mume wangu mpenzi,

Hujambo huko kambini? Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, cherehani nayo nzima, ila mdomo umeota kutu kwa kukosa wa kuzungumza naye.

Mvua zimeanza na uyoga umeshatoka kwenye kile kichuguu nyuma ya kinu. Nilikwenda peke yangu, nikachuma nusu kikapu, nikaupika kwa vitunguu vingi unavyovipenda. Ulipoiva ndipo nikakumbuka sheria yetu: mmoja ale, mwingine amtazame mpaka asubuhi, ndipo naye ale. Miaka yote wewe ndiye umekula kwanza, unajifanya unaanguka mezani ili nipige kelele. Sasa nikila mimi, anitazame nani? Ukuta? Nimeumwaga wote, nikalia kidogo, nikaosha sufuria.

Jioni nacheza karata na kiti chako. Naiba waziwazi na bado kinanifunga. Dada yangu anataka nihamie kwake mjini. Nimemwambia asinisumbue, unarudi mwezi huu kazi ya mabomba ya bwawa ikiisha. Niambie sikumdanganya.

Mkeo

19 Machi

Mke wangu, daktari wa uyoga,

Salamu nyingi kama kokoto za huku. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika lakini haujagoma. Simu bado hazishiki hapa bondeni, kwa hiyo mheshimu dereva wa lori la saruji, ndiye posta wetu.

Barua yako nimeisoma kitandani nimegeukia ukutani, wenzangu wasinione. Tunalala wanane chumba kimoja, na sijawahi kuwa mpweke hivi. Naukosa ule ukimya wetu: wewe unashona, mimi natengeneza redio ambayo haijawahi kuharibika.

Sasa sikia. Nyuma ya bweni, chini ya miti, nimeona uyoga! Mweupe, mzuri kama wetu, una pete shingoni na kifuko kidogo mguuni. Jumapili wenzangu wakitoka nitaupika, nile kwa niaba yetu sote wawili.

Kuhusu kurudi, tutazungumza. Mambo hapa yanakwenda polepole.

Mumeo

27 Machi

Mume wangu,

Salamu baadaye. Usile! Nakuomba, usile!

Wetu hauna kifuko. Wetu una mzizi mrefu unaozama kichuguuni. Wewe hujawahi kuuona mguu wake kwa sababu unaukata juu juu kwa kisu, kwa uvivu wako wa kuinama, na mimi ndiye ninayechimbua. Huo wa kifuko ni kifo. Hata ningekuwepo nikakutazama mpaka asubuhi, huenda nisingeona kitu. Mtu anaumwa, anapata nafuu, anadhani amepona, kumbe ini linakwisha.

Namkimbilia dereva na futi ya kupimia nguo bado i shingoni. Jumapili imeshapita, najua. Naandika hivyo hivyo.

Mkeo

14 Aprili

Mume wangu,

Sijui kama nakusalimu au naongea na hewa. Lori limekuja, likaja tena, mikono mitupu. Dereva anasema barua aliiacha getini, lakini wewe hakukuona, mabomba yamehamia ng'ambo ya mto. Hanitazami machoni. Nilimwekea chakula, akala amesimama, akaondoka.

Majirani sijawaambia. Nikilisema litakuwa kweli. Jana nimeshona mkono wa gauni la mteja ndani nje, nikafumua, nikaushona vilevile tena. Nimetenga kitambaa cheusi, kisha nikakificha chini ya godoro kwa aibu. Kama kalamu ni nzito, mwambie mtu yeyote aniandikie neno moja tu.

Mkeo

22 Aprili

Mke wangu kipenzi,

Mimi ni mzima. Nisamehe.

Uyoga sikuula. Niliupika, ukanukia vizuri, nikakaa na sahani mapajani. Nikaona kula peke yangu ni kama kukuibia, nikaumwaga shimoni. Hiyo ilikuwa kabla barua yako haijafika. Ilifika, mke wangu. Zote mbili zimefika.

Sikujibu kwa sababu nyingine. Msimamizi aliniomba nibaki miaka miwili zaidi, mpaka bwawa likamilike, niongoze kikosi cha mabomba. Nilikubali palepale mbele ya watu, wakanipigia makofi. Tangu siku hiyo kila nikishika kalamu mkono unakataa. Nilijua unahangaika. Nilishindwa hata kuandika kwamba ni mzima, kwa sababu ungeniuliza narudi lini.

Mumeo

2 Mei

Mume wangu,

Namshukuru Mungu u hai. Nimelisema hilo kwa sauti jikoni, mara nyingi, ili liwe la kwanza.

La pili. Mimi nilikwisha kukuzika. Na nilipodhani umekufa, angalau nilijua la kufanya: ningelia, ningekaa chini, watu wangekuja kunishika mkono. Mjane hupewa pole. Mke wa mtu aliye hai lakini amenyamaza, nani humpa pole?

Miaka miwili ni jambo la kumuuliza mkeo kabla ya kupigiwa makofi. Ungeniuliza, huenda ningekwambia kaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kwa dada siendi. Cherehani yangu na wateja wangu wako hapa. Dereva nimemwambia asiniletee tena barua yako. Ukiwa na neno, panda lori, ulilete kwa mdomo.

Bado mkeo