Ukuta Wako Umepelekwa Karasha

Mpendwa mayu,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu hainyimwi mtu, hata aliyelala. Basi nimesalimia. Sasa keti, kama huko mliko kuna viti, maana mwanao tangu jana sijielewi.

Mayu, nyumba yako imesagwa.

Sijakosea kusema. Haikuanguka, haikuungua, wala haikusombwa na mvua, maana mvua yenyewe mwaka huu imetupita kama mgeni aliyekosea mlango. Imevunjwa, ikajazwa kwenye viroba, ikapandishwa kwenye trekta na kupelekwa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ikawa unga. Na aliyeivunja ni mwanao Masanja, huyu huyu uliyekuwa ukimbeba mgongoni ukipalilia pamba.

Nilikuwa nimekuja kuvuna mpunga. Nilifunga mgahawa wangu Geita, nikashuka Tinde, nikapanda bodaboda, moyo umetulia kabisa. Unajua wateja wangu ni wachimbaji. Mchana kutwa nasikia habari za mashimo, nani kafukiwa, nani kapata, nani kaibiwa mke. Nikichoka najisemea, ah, kwetu bado kuna jembe na ukimya, siku moja nitarudi. Kumbe vurugu zilishanitangulia.

Majaruba ya bondeni hayajapandwa. Pale ulipokuwa ukiinama na kanga kiunoni, ukipandikiza mpunga huku ukitutania kwamba mistari yetu imepinda kama njia ya mlevi, kuna shimo limezungushiwa turubai la bluu. Minyaa ya uani imekatwa. Nikamwambia kijana wa bodaboda, "Umenipoteza, hapa siyo kwetu." Akacheka. Nikaona mlango wako umelazwa chini, kuku wamelala juu yake, na nyuma yake hewa tupu. Umebaki ukuta mmoja tu, ule wa jikoni.

Jamani, nilipiga ukunga watu wakadhani kuna msiba.

Masanja akatoka kwenye kibanda cha mabati alikojihifadhi na wanawe. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nyumba iko wapi?"

"Dada, kaa kwanza unywe maji."

"Bhebhe, wewe! Nimekuuliza nyumba ya mama iko wapi!"

Ndipo akanieleza. Alikuja mtu na karai lake, akaosha udongo wa vichuguu vya kijijini, akaona dhahabu. Basi vichuguu vyote vikaisha kwa wiki chache. Halafu mmoja akakumbuka kwamba nyumba zetu za zamani zimekandikwa kwa udongo wa kichuguu. Wakaanza kubomoa kuta. Mama Limi jirani yako alibomoa jiko lake, akapata kitu, akaezeka bati jipya. Nani angelala usingizi baada ya hapo? Masanja akaniambia, "Dada, watoto wamekula michembe ya viazi mwezi mzima, asubuhi na jioni. Viwavi wamemaliza mahindi. Mama hayupo, na ukuta hauliwi."

Mayu, kuhusu michembe hakudanganya. Niliwaona watoto wake, shingo zimekuwa nyembamba.

Ila kuhusu udongo alikosea, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Nyumba yako haikuwa na udongo wa kichuguu hata konzi moja.

Unakumbuka? Baada ya mavuno tulikuwa tunaamka, wewe na mimi na mabeseni yetu, tunakwenda mpaka ukingo wa mto, pale penye udongo wa kijivu unaoteleza kama sabuni. Kichwa kikiniuma nilikuwa nakulalamikia, "Mayu, si kuna kichuguu hapa nyuma ya zizi?" Nawe ukinijibu, "Nikibomoa kichuguu, kumbikumbi utakula wapi, kwa shangazi yako?" Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Mvua za kwanza zikigonga, kumbikumbi wakitoka, sisi tunakaanga na majirani wanakuja na mabakuli, nawe unajidai kweli kweli. Tukitoka mtoni tunachanganya udongo na samadi, tunasiriba ukuta, na ukimaliza unapitisha vidole vinne, upinde juu ya upinde. Nyuma ya mlango wa jikoni ulinishika mkono ukaugandamiza kwenye ubichi, karibu na wako. Ukasema, "Hapa pana watu wawili."

Masanja hakujua. Angejuaje? Kubeba udongo ilikuwa kazi ya wanawake, yeye alikuwa machungani. Wanaume wa kwetu watakwambia kila ng'ombe ametoka kwa nani, lakini ukuta waliouegemea tangu utoto hawajui ulitoka wapi.

"Ulipata nini karasha?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Hakuna kitu, dada. Wenye mashine wanasema ukuta huu wa mwisho ndio wenye mzigo wa dhahabu. Kesho trekta linakuja."

Nilimwambia kila kitu, mto, beseni, kumbikumbi. Mayu, mtu mzima yule aliketi chini kwenye vumbi, miguu mbele kama mtoto, akalia kwa sauti. Mimi niliyekuja na matusi yangu yote tayari mdomoni nikajikuta namfuta kamasi kwa kanga yangu. Kisha akasema atakwenda kuuchukua ule unga ulioachwa karasha, tuukandike upya. Ikabidi nimwambie ukweli ninaouona Geita kila siku. Unga ule umeoshwa kwa zebaki, ni sumu, siyo wa kukandika nyumba wanamolala watoto. Udongo wako upo, mayu, umerundikwa pale, na hatuwezi kuugusa.

Asubuhi trekta lilipokuja alilirudisha mwenyewe. Akaniuliza, "Dada, mama alichimba wapi hasa?" Ukuta ule mmoja ulikuwa umeanza kuchubuka, akataka tuusiribe usimalizike. Haki ya Mungu, nilifurahi. Nikabeba beseni, naye akabeba lake kichwani, mwanaume mzima, tukashuka mtoni tunacheka. Udongo bado uko vilevile, unateleza. Pembeni yake kuna visima vya mchanga tunakochota maji, na bustani za mchicha za akina Mama Limi, kijani pekee kilichobaki kijijini. Tukajaza, tukapandisha.

Lo! Laiti tungepita njia nyingine. Watu walimwona Masanja, ambaye hajawahi kubeba beseni maishani mwake, anatoka mtoni na udongo kichwani, na dada yake wa Geita yuko nyuma anacheka. Hawakuuliza. Tulikuwa bado tunachanganya samadi niliposikia vishindo. Watu wanakimbia na majembe, na sururu, na mtoto mgongoni. Nikatupa beseni nikawafuata huku nikipiga kelele, "Jamani, ni udongo wa kusiriba! Wa kusiriba tu!"

Mama Limi, rafiki yako wa kufa na kuzikana, alikuwa ameshang'oa mchicha wake mwenyewe ili apate pa kuchimba. Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Kabula mwanangu, usitufiche. Nani anapoteza maji kusiriba ukuta wa nyumba ambayo hakuna anayelala ndani yake?"

Kufikia jioni visima vilikuwa vimefukiwa na udongo wa mashimo yao. Nakuandikia nimekaa nyuma ya mlango wa jikoni ambao hauna mlango. Ukuta tumeusiriba nusu, maji yakaisha, na ya kumalizia hayapo, wala ya kunywa kesho sijui tutayatoa wapi. Nimeacha wazi pale penye mikono yetu. Wako umebaki mkubwa kuliko wangu hata sasa, nimeupima.

Mtoto mdogo wa Masanja amekuja kuniuliza shangazi anafanya nini hapo. Nimemwambia namsalimia bibi yake. Ameweka kiganja chake ukutani, akaniuliza kama bibi ana maji.

Lala, mayu. Wabeja, asante kwa ukuta.

Ni mimi mwanao wa kwanza, mbeba beseni wako,
Kabula